Daftari Langu la Maji ya Safari

Wallahi, daftari lile nalionea fahari mpaka leo. Tulipoazimia kutembea kwa miguu siku tatu, kutoka Ole hadi Micheweni, niliomba nisimamie chakula na maji, nipate kuwaonesha wenzangu kwamba hata mtu wa darasa la saba anaweza kuongoza safari. Nikaandika kila kitu: tende, mihogo ya kuchoma, na madumu ya maji juu ya baiskeli, vikombe vya kila mtu vimehesabiwa. Ustadhi Makame, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, nilimwongezea kimoja kwa utu uzima wake. Nilitembea mbele kama mgombea aliyekwishapita!

Siku ya pili, adhuhuri, tulikuwa kwenye mawe matupu, mbali na kisima. Ustadhi akakunja mikono ya kanzu, akafungua dumu.

"Ustadhi, usiyamwage! Hayo ya kunywa!"

"Na ya udhu yako wapi, mwanangu?"

Nikapekua daftari, nikijifanya natafuta. Binamu yangu Hamadi akachungulia begani kwangu, akaangua kicheko.

"Ustadhi, huyu hata vijiti vya meno kaviandika. Swala tano ndizo hakuziandika!"