Sala Niliyoiomba Kiandutu

Nyambura aliponiomba nimpeleke kwa mwanangu Kimani, Thika, ilinipasa niseme hapana. Ni binti wa marehemu dada yangu, mtafiti aliyeanza kazi juzi, anayechunguza jinsi ulevi unavyoshika ubongo na kwa nini hufuata familia. Alitaka mate ya baba na mwana waliowahi kunywa wakaacha, apime ndani yake chembe za urithi. Nilikubali upesi, nikijiona mtu wa maana.

Asubuhi tuliondoka kwangu Mwihoko kwa gari la kuazima. Kabla ya kufika Ruiru akanionya.

"Anko, huko nitaongea mimi. Kimani ameniambia mkewe hajui alikuwa mlevi."

"Kwani mimi ni redio?"

"Wewe ni redio ya kanisa," akacheka.

Tulipofika Witeithie tulinunua mkate na sukari, maana mtu haendi kwa watoto mikono mitupu. Nikamuuliza kama mate yangeonyesha mlevi ajaye.

"La, Anko. Kurithi si hukumu. Maisha nayo yanachangia."

Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika anakoishi Kimani, tuliacha gari barabarani, tukatembea kati ya vyumba vya mabati. Kimani alitupokea mlangoni. Ndani alikuwamo mkewe Wanja, mjamzito, na mama yake aliyekuja kumjulia hali. Chai ikamiminwa.

"Mzee, tuombee," mama yule akasema.

Nikasimama. Mimi nimeokoka, na sisi tuliookoka tukiomba hushuhudia. Nilimshukuru Mungu kwa kumtoa Kimani kwenye pombe kama alivyonitoa mimi, nikamsihi amlinde mtoto aliye tumboni na ulevi ulio katika damu yetu.

Nilipofumbua macho, Wanja alikuwa akimkazia mumewe macho.

"Kimani, ni kweli?" Wanja akauliza.

"Ngai! Mlikuja kuposa kwangu mkanyamaza," mama yake akanigeukia, "leo ndio mnamwambia Mungu?"

Kimani alinitazama. "Baba, hukuweza kungoja hata chai iishe?"

Nyambura hakufungua mkoba wake wa vichupa vya kuwekea mate.

Jioni tukirudi, tulipokwisha kupita Juja, Nyambura alinigeukia. "Nilikuwa nimemwahidi Kimani kwamba siri yake haitatoka," akasema tu.

Nilijifunza kwamba ushuhuda niliokuwa na haki ya kuutoa ni wangu mwenyewe tu. Wa Kimani ulikuwa wake. Wanja alirudi kwao na mama yake. Kimani alirudia pombe. Mtoto amezaliwa, mvulana. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake. Huyu amepewa jina la babu yake wa upande wa mama, na mimi sijaruhusiwa kumwona.