Visheti vya Mama kwa mgeni wa serikali

Jamani, leo mama yangu kajikosesha msaada kwa sinia la visheti.

Mama anaishi peke yake Ibra, mimi kazi yangu iko Maskati, na miguu yake haina nguvu tena. Tuliomba serikali imletee mtu wa kumtizama nyumbani. Leo kaja afisa, mwanamke, kuangalia hali yake.

Nikamwambia, "Mama, usinyanyuke. Akuone ulivyo."

Weee! Mgeni aingie kwake, yeye akae tu?

Kavaa kanga mpya, kafukiza udi. Kenda jikoni mwenyewe, karudi na visheti na dele la kahawa, anacheka. Hakutetemeka hata kidogo, wallahi.

Afisa kafurahi. "Mashaallah, mama yako bado mzima. Wapo wenye shida zaidi."

Nikaanza, "Lakini kila asubuhi kuinuka tu..."

Mama kanitolea jicho. Nikammiminia mgeni kahawa.

Nambieni, nyie mngemwaibisha mbele ya mgeni?

Mlango ulipofungwa tu, miguu ikamwisha nguvu. Kakaa chini palepale ukumbini, hawezi kuinuka. Nikambeba mpaka kitandani, mwepesi kama mtoto.

Akaniuliza, "Mgeni kashiba?"

Nikamjibu, "Kashiba, Mama."

Kesho narudi Maskati kazini. Nani atamnyanyua?