Siku Tuliyosomewa Eka Zetu

Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini nyumba ya matofali ninayo na ng'ombe ninao. Wangapi, sikwambii. Kwetu sisi tulioteremka kutoka Mbulu, mtu hahesabu mali yake mbele ya mgeni. Ndiyo maana mvua ile ilipoporomosha tope la mlimani likazika mahindi yetu huku Bonga, na bwana shamba akapita kuuliza nani kapoteza eka ngapi, nilimjibu, "Kashamba kadogo tu, andika moja." Majirani nao wakajibu vivyo hivyo.

Baadaye tukasikia serikali inatoa fedha za dharura, kwa eka. Tope lilikuwa limekauka kama saruji. Bila trekta hapalimiki, na msimu ulikuwa unatukimbia. Fedha zikaanza kutoka kimyakimya, huyu kapata, yule kakosa. Ukimwuliza mwenyekiti wa mtaa, anasema hizo ni siri za watu.

"Fedha ya serikali ina siri gani?" nilimwambia mkutanoni ofisini kwake, mtendaji wa kata kaketi pembeni yake. "Soma. Jina na eka. Kwa sauti."

Kwa kawaida fimbo zetu huegeshwa ukutani kabla ya kikao. Siku ile hakuna aliyeegesha. Mwenyekiti akaziona, akasoma. Alipofika kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, sauti ikazama.

"Rudia!"

"Eka kumi."

Kumi! Yule bwana analima mawe juu kilimani. Tope gani linapanda mlima?

Fimbo ya kwanza ilikuwa yangu, sifichi. Ilimpata shemeji mtu shavuni, jino likaruka. Akanirudishia ngumi ya pua, nikaona giza. Hapo ofisi nzima ikaingia. Mabenchi yalivunjwa, miguu yake ikawa marungu. Akina mama walijibana ukutani lakini hawakuondoka, wakawa wanaonyesha wa kupigwa. Shemeji akatorokea dirishani, koti likabaki kwenye nondo zilizopinda. Wakamgeukia mwenyekiti.

Nilipofuta damu usoni, mwenyekiti alikuwa sakafuni, mkono umepinda pasipo na kiungo. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye shamba la mama yake lilizikwa lote, alikuwa amemsimamia, tofali juu.

Nikapenya, nikasimama katikati.

"Shikamoo mzee," kijana akasema, tofali hajalishusha. "Naomba upishe kidogo."

"Marahaba. Sipishi. Akifa huyu, nani atatusomea waliobaki?"

Akafikiri. Akalitupa tofali pembeni.

Tukamketisha mwenyekiti, akasoma huku anatema damu. Ndipo tukasikia za kwetu wenyewe: eka moja, nusu eka, eka moja. Kwa fedha ya eka moja trekta halitoki hata mjini. Mtendaji wa kata akatoka uvunguni mwa meza, akajipangusa vumbi, akasema anayetaka kurekebisha aseme hapahapa mbele ya wote, majirani wamkubali au wamkatae.

Watu waliokuwa wanavunjana mbavu sasa wanatazama viatu vyao.

"Mzee," akasema yule kijana, "si wewe uliyetaka sauti?"

Pua kuvunjwa ni jambo dogo. Hili lilikuwa zito, nakwambia. Hata baba yangu alikufa sijui alikuwa na mali gani.

"Saba," nikasema.

"Hatusikii!"

"Eka saba!"

Mke wangu akasimama kati ya akina mama. "Saba? Mbona mimi napalilia tano?"

Watu wenye midomo iliyopasuka walicheka mpaka wakashika taya. Lakini majirani wakasema ni kweli, saba. Baada yangu wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu akitoa eka yake kama anang'olewa jino.

Shemeji alifutwa orodhani. Mkono wa mwenyekiti haukunyooka tena. Trekta lilikuja mvua ikiwa bado ipo. Nilipofika shambani asubuhi hiyo nilimkuta mke wangu amesimama kwenye zile eka mbili, mbegu za mbaazi ziko kwenye khanga, anamwelekeza dereva aanzie pale.