Anwani Mbovu Isiyorudisha Barua

Jina langu lificheni. Kisiwa nilichozaliwa kiacheni kitajwe, maana bila hicho kisa hakieleweki.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, ninaishi Moroni, mji mkuu wa Komori ulioko Ngazidja, jirani na soko la Volo Volo. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekuwa mwandishi wa habari. Kiswahili nilijifunza nikisoma Zanzibar, na leo nimekichagua kwa sababu mtu ninayemwogopa, nadhani, hakisomi. Sina hakika.

Tangu nistaafu ninasaidia chama kidogo kinachokusanya ushuhuda wa watu walioteswa enzi za mamluki, wale Wazungu waliokuja mwaka 1978 wakakaa kama wenyeji. Kila ushuhuda ukishaandikwa, ninautuma kwa barua pepe kwa baadhi ya wanachama wausome kabla haujachapishwa. Wengine wako Ngazidja, wengine Ndzuani, wengine ng'ambo kule Marseille. Orodha ya anwani tunaitunza watu wawili, mimi na katibu wetu, nimwite Echata.

Anwani nyingi tulizipokea kwa simu, na makosa yakaingilia hapo. Kompyuta zetu zina kibodi za Kifaransa, zenye vistari viwili: cha kati kwenye kitufe cha sita, cha chini kwenye cha nane. Mtu akisema "kistari" tu, unabahatisha. "Nyinyi Wandzuani mnameza maneno," Echata alinitania, "hata kistari mmekimeza." Nikamjibu kwamba Wangazidja wao huongeza hata pasipohitajika. Makosa hayo hayakunisumbua. Barua ikienda kwenye anwani isiyopo hurudi papo hapo, na maelezo kwamba mpokeaji hajulikani. Unapiga simu, unasahihisha.

Kosa la pili halikurudisha kitu. Huduma ya barua pepe inayotumiwa na karibu wanachama wote ni ya nje, na anwani zake huishia na "com". Lakini anwani za nchi yetu huishia na "km". Mtu akitamka "kom", sikio la Mkomori husikia Komori. Echata alikuwa amewaandikia "km" wanachama kadhaa. Barua zao zote zilipaswa kurudi. Hazikurudi, nasi barua isiyorudi tuliihesabu imefika.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Hombo, Mutsamudu. Enzi zile alikuwa akikaa Mirontsy, mji wa jirani. Mchana mmoja walikuja kumchukua, Wazungu wawili na mtu wa mtaani aliyewaonyesha mlango. Aliporudi, sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. Mtu yule wa mtaani yu hai, na yeye na mjomba wanaswali msikiti mmoja. Katika ushuhuda wake mjomba amemtaja kwa jina, akaeleza pia kwamba gari walilomchukulia lilikuwa la kijivu. Rasimu hiyo niliwatumia wasomaji watatu tu.

Ijumaa moja baada ya sala, mtu yule alimshika mjomba mkono mlangoni mwa msikiti, mbele ya watu. Kwetu mwalimu huitwa fundi. Akamwambia kwa upole, "Fundi, umeandika vizuri. Ila gari lilikuwa jeupe. Uzee umetupata sote."

Mjomba alinisimulia kwa simu kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Na kweli lilikuwa jeupe, mwanangu," akasema. "Sasa nimekumbuka. Lisahihishe."

Niliwapigia wasomaji wale. Wawili walikuwa wameisoma na hawakumwonyesha mtu. Wa tatu, mama mmoja wa Marseille, alisema hajawahi kupata barua yetu hata moja. Nikaitazama anwani yake. Inaishia na "km".

Nikafanya jaribio. Nilitunga jina, Mdahoma Mirontsy, mtu asiyekuwepo, nikamwandikia kwenye anwani ya namna hiyo neno moja: "Jaribio". Haikurudi. Nikaandika herufi ovyo mahali pa jina. Haikurudi. Maana yake kuna mtu amejinunulia anwani pacha ya ile huduma, yenye "km" mwishoni, akaweka sanduku linalopokea barua ya jina lolote, na makosa yetu yote yanamwangukia. Kama si yeye yule wa msikitini, basi ni mtu anayemjua.

Echata alikuwa amesimama nyuma yangu. "Basi yeye tumemhudumia vizuri kuliko wanachama," alisema. Hakucheka.

Tuliziondoa anwani zote za "km", tukampigia kila mwanachama atutajie yake herufi kwa herufi. Lakini barua zilizokwisha kwenda zimekwenda, pamoja na majina ya mashahidi wengine na mitaa yao.

Ushuhuda wa mjomba unasubiri neno langu uchapishwe. Mwenyewe anasema, "Nilinyamaza nikiwa na meno yote. Sasa ningoje nini?" Binti yake, anayeishi naye, alimpokonya simu. "Dada, wewe uko Moroni," akaniambia. "Mlango utakaogongwa ni wetu." Nimewasikiliza wote wawili na sioni aliyekosea. Hata hivyo nilikuwa nimekata shauri kuchapisha.

Jana asubuhi, chai iko mezani, ikaingia barua kwenye sanduku la chama. Kifaransa safi, cha kiofisi:

"Sipokei tena barua zenu. Tafadhali hakikisheni anwani yangu. Mnisalimie Fundi."

Chini yake, jina la mwandikaji: Mdahoma Mirontsy.

Ndugu zangu, nichapishe, au nimwache mjomba amalizie umri wake kwa amani na sikio lake moja? Nipeni shauri, lakini lileteni hapa hapa ukurasani. Barua pepe msinitumie.