Miaka Yangu ya Kupima Miguu ya Wanajeshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la bati, gunia, na koti jeupe la mtu mnene kuliko mimi. Ilikuwa Voi, mwaka uleule tuliopata uhuru, kwenye uwanja ulio karibu na stesheni ya reli. Nilikuwa nimetoka tu kuhitimu udresa, yaani kazi ya kufunga vidonda, kudunga sindano na kumsaidia tabibu, na nilidhani nitapelekwa wodini. Daktari wa Wilaya, mtu mfupi asiyependa maswali, alinionyesha foleni ya vijana waliovua mashati na viatu wakingoja kuandikwa jeshi. "Wenzako watashika vifua na meno," akasema. "Wewe utashika miguu. Usinipitishie mtu wa miguu bapa. Akitembea maili kumi na mzigo atakaa chini, na barua ya malalamiko itakuja kwangu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana anajipangusa vumbi kwenye gunia, anakanyaga ndani ya beseni la maji, kisha anasimama juu ya saruji mbele ya banda. Akiondoka unatazama alama aliyoacha. Wayo mzuri una mvungu, kwa hiyo alama yake imeliwa upande wa ndani. Wayo bapa hugusa chini wote, na alama yake imejaa kama chapati. Unatamka "mzuri" au "bapa", karani anaandika kwenye rejista, na sajini anachora kwa chaki: vema kifuani kwa aliyepita, alama ya kosa mgongoni kwa aliyeanguka. Wengi walioanguka walijua kwa kuchekwa na watu huko nyuma.

Lakini Voi ni Voi. Jua lile lilikausha alama kabla hujamaliza kupiga chafya. Kapteni wa kuandikisha akigeuka aione, saruji ni nyeupe, hakuna kitu. Kilichobaki ni neno la dresa, na mimi nilijivunia hilo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, neno langu linaamua nani avae kombati. Kiburi kilinijaa, nakiri.

Vijana walitoka Mraru, Chawia, Mghange, wengine wakitembea siku nzima kushuka milimani, na ilibidi askari wa utawala washike rungu ili foleni isivunjike. Nilimsimulia baba yangu mambo hayo nilipopanda nyumbani Mghange. Mzee alikuwa amebebeshwa mizigo katika vita vile vya Mwingereza na Mjerumani vilivyopiganwa huku kwetu, upande wa Taveta. Hakujitolea. Mzee wa mtaa aliambiwa atoe watu, akawatoa wale ambao baba zao hawakuwa na mbuzi wa kumpa, wakafungwa kamba mikononi na kuteremshwa tambarare. Bega lake la kulia lilikuwa na nundu mpaka anakufa.

"Na hao wako," akaniuliza, "nani anawafunga kamba?"

"Hakuna, baba. Wanakuja wenyewe, na wengi tunawafukuza."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwangemi, umesoma lakini huoni. Mtoto wa chifu umemwona kwenye hiyo foleni?"

"Sijamwona."

"Basi kamba ipo," akasema, akaomba ugoro wake.

Mwaka uliofuata akaja mpwa wangu Mwakio, kifungua mimba wa dada yangu mkubwa Wakesho. Kijana mrefu, meno yote, kifua cha kubeba gunia la mahindi. Alikanyaga beseni langu akicheka, na alama aliyoacha ilikuwa nzuri kama ya kufundishia. Nikaita "mzuri" kwa sauti kubwa ili uwanja mzima usikie. Wakesho aliniletea kuku wa kunishukuru. Kumbe tulikuwa tunashangilia nini, sisi? Mwakio alipelekwa kaskazini wakati wa mapigano na mashifta, wale waasi wa mpakani, gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani, na kilichorudi Mghange ni sanduku lililopigwa misumari, tukakatazwa kulifungua.

Nilihamishiwa Taveta baada ya hapo, nami nikashukuru. Huko zahanati ilikuwa ndogo, malaria tele, lakini kila mwaka Kapteni alikuja na rejista yake, nami nilitoa beseni. Bwana DO wa Taveta, mkuu wa tarafa, alipenda mjadala. Siku moja, tukinywa chai baada ya kazi, akasema, "Ningekuwa na uwezo, kila kijana akitimiza miaka kumi na minane angekwenda jeshini miaka miwili, atake asitake. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga ng'ombe, hema moja, sufuria moja. Nchi ingenyooka."

Kapteni akatikisa kichwa. "Bwana DO, wewe hujawahi kulala porini na mtu aliyelazimishwa. Nusu ya kikosi italinda mpaka, nusu itawalinda hao wasitoroke. Mimi nipe anayetaka, hata kama ni mmoja."

"Anataka jeshi au anataka chakula?"

"Akishavaa kombati sitamwuliza." Kisha akanigeukia. "Na wewe, dresa, unasemaje?"

"Mimi nasema miguu tu, afande."

Wakacheka, tukamaliza chai. Moyoni nilikuwa namwona baba na nundu yake, namwona na Mwakio akicheka ndani ya beseni. Mmoja alipelekwa kwa kamba, mwingine alikimbia mwenyewe kwenda, na mama zao wote wawili walilia kilio kimoja.

Niliporudishwa Voi nilikuwa nimepanda cheo, nina dresa wawili chini yangu, lakini miguu niliendelea kuishika mwenyewe. Mchana mmoja kabla ya siku ya uandikishaji, Wakesho alifika nyumbani kwangu na kikapu cha ndizi na viazi. Hakukaa. Alisimama mlangoni amejitanda shuka lake zito la kilimani, hajazoea joto la Voi, jasho likimtiririka.

"Mwadime anakuja kesho," akasema. Mwadime alikuwa mwanawe wa pili, na sasa wa pekee. "Nimemkataza, hasikii. Wa kwanza ulimpitisha wewe, nami nikakuletea kuku. Huyu niachie, ndugu yangu. Sikuombi kitu kingine mpaka nife."

"Dada, kuna sheria."

"Mimi sijui sheria. Mimi najua sanduku."

Asubuhi Mwadime alikuja mbele yangu hajanisalimu hata kwa macho, kusudi watu wasiseme anapendelewa na mjomba. Adabu ile iliniuma. Alijipangusa, akakanyaga maji, akasimama kwenye saruji, akashuka. Wayo ulikuwa wa ndugu yake, mvungu uleule.

"Bapa," nikasema.

Aliangalia chini, kisha akaniangalia mimi. "Mjomba, hebu tazama tena."

"Nimetazama."

Sajini alisogea aone kwa nini foleni imesimama. Akainama, lakini jua lilikuwa limekwisha fanya kazi yake. Akachora kosa mgongoni. Mwadime alipita katikati ya watu, mgongo umenyooka, na watoto wa uwanjani wakamcheka. Kijana wa Mraru aliyekuwa nyuma yake akachukua nafasi. Huyo alitumikia miaka yake yote, akarudi mzima, akajenga nyumba ya mawe.

Mwadime hakuweza kujaribu tena, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye rejista na neno langu mbele yake. Alikata mkonge miaka kadhaa, kisha akawa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi pale Voi, akivaa koti kuukuu la jeshi alilonunua mitumbani. Nilipita pale mara nyingi. Alinisalimu "shikamoo, mjomba" kila mara, nami nikaitikia, nikaharakisha hatua. Wakesho alizeeka akiwa na furaha, na wajukuu wanne. Kila Krismasi aliniletea kuku. Nilimla kwa shida.

Sasa nimestaafu, nimerudi Mghange kwenye shamba la baba, magoti yananiuma nikiteremka mtoni. Wanangu wakija nyumbani hubishana wakisikiliza redio: vijana walazimishwe jeshi au waachiwe hiari? Wananiuliza kwa kuwa niliona mengi. Baba yangu walimlazimisha kwenda. Mimi nilimlazimisha mtu kubaki, nikaita huruma, na mpaka leo sijui haki ya kumkatalia niliitoa wapi, kwangu mwenyewe, kwa dada yangu au kwa nani.

Mwezi uliopita Mwadime alinitembelea. Ilikuwa miezi michache tangu tumzike Wakesho. Alikunywa chai yangu polepole, akavua viatu.

"Mama alinieleza kabla hajafa," akasema.

Nikamwongezea chai.

"Miaka yote hii nilikuwa nachukia miguu yangu, mjomba. Nimekata mkonge nikiisema vibaya. Nilimkagua kila mtoto wangu akizaliwa, nisije nikawa nimemrithisha."

"Ungekufa kama ndugu yako," nikasema.

"Labda. Lakini ningekwenda mwenyewe."

Kulikuwa na beseni la maji ya kunawia mikono pale barazani. Aliliweka chini, akakanyaga ndani, kisha akasimama kwenye saruji yangu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Akashuka.

"Soma, dresa."

Nilitazama. "Mzuri," nikasema. "Yote miwili."

"Asante," akasema. Alivaa viatu vyake, akaniaga kwa heshima, akashuka njiani. Ukungu wa Mghange haukaushi kitu. Mke wangu alipokuja na tambara apanguse baraza, zile nyayo zilikuwa bado zipo pale. Nilimwambia aziache.