Mpiga Besi Anayengoja

Mpiga besi huyu akija studioni kwangu, mtaa wa Otahuhu, kurekodi nyimbo zake mwenyewe, huvua viatu mlangoni, hugeukia ukuta, kisha hufuta nyuzi za gitaa la besi kwa upindo wa shati hata zikiwa safi. Hunikera, lakini huwezi kumwambia kitu; anaongea chini chini, hujui kama anaomba au anakataa.

Jumamosi alikuja na Fetu, mwimbaji wa kwaya ya Wasamoa. Kila wakifika kwenye kiitikio, Fetu anaingia kwa wakati, mpiga besi anachelewa kidogo. Mwishowe Fetu akavua spika za masikioni.

“Kaka, unamngoja nani?”

Mlangoni alikuwa amesimama Warwick, mwimbaji wa bendi ya roki ambayo mpiga besi huipigia, aliyekuja bila kualikwa kusikia anachofichwa.

“Kumbe miaka yote naingia nimechelewa,” Warwick akasema polepole, “na wewe unaningoja ili kunistiri?”

Nikajifanya natafuta waya. Mpiga besi akafuta nyuzi.

“Turudie,” akasema.

Tukarudia. Warwick hakuondoka mlangoni. Fetu akaingia kwa wakati. Mpiga besi, macho ukutani, akangoja.