Fundi Aliyemfumua Bintiye

Mama Futi, fundi cherehani, hakuivumilia nguo yenye kasoro. Akiona bega limevuta, alifumua uzi kwa uzi mpaka ajue kosa lilianzia wapi: kwenye kupima, kukata au kushona. Wateja walimpendea hilo, japo liliwachelewesha hadi wakachoka kumpigia simu. Jina alilipata kwa ile futi ya kupimia isiyomtoka shingoni hata sokoni.

Balaa ni kwamba alimfumua na bintiye vilevile. Binti alikuwa na miaka minane, mwenye usonji, maneno yake ya kuhesabika. Mama mtu alirudi nyuma mwezi kwa mwezi. Ilikuwa ile homa ya wakati wa ujauzito? Kukanyaga cherehani mpaka wiki ya mwisho? Au yule mjomba wake yeye mama, aliyeishi bila kuzungumza na watu? Mama mkwe ndiye aliyemshikia bango huyo mjomba. "Kwetu hakuna kitu kama hicho," alisema, akanuna miaka sita mizima. Mama Futi alimjibu kwa ulimi mkali, lakini moyoni alimwamini, na hilo ndilo lililomla.

Basi wakatolewa damu ya kupimwa jeni, yeye, mumewe na mtoto. Majibu yalipotoka mume alikuwa safarini, Mama Futi akaenda peke yake. Daktari, dada mmoja mpole, alimvutia kiti.

"Tumekuta badiliko kwenye jeni moja ya mtoto. Wewe huna. Baba yake naye hana."

"Sasa limetoka wapi, daktari? Halikudondoka toka darini!"

"Ni jipya. Mwili hunakili maelekezo yake, ndizo hizo jeni, na katika kunakili, herufi moja inaweza kubadilika. Sote tunayo mabadiliko mapya kadhaa, mengi hayana neno. Hili lake limegusa jeni inayohusika na ubongo. Si kila mwenye usonji analo."

"Na cherehani? Na ile homa?"

"Halikuletwa na hayo. Hakuna ulichokosea, mama."

Mama Futi akamwomba arudie. Akarudia. Akacheka, akalia, akaona haya, akacheka tena. Kwa mara ya kwanza hakuwa na cha kufumua.

Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni na mjukuu, anachambua maharage.

"Haya, limetoka kwa nani?"

"Si kwangu, si kwa mwanao. Limeanza na mtoto mwenyewe."

Bibi akaweka ungo chini, akafikiri weee. "Ina maana nimekununia miaka sita bure?"

"Bure bilashi, mama!"

Nani angejizuia? Walicheka mpaka wakashikana mabega, maharage yakamwagika. Binti akaziba masikio.

"Kelele," alisema.

Wote wawili wakanyamaza papo hapo. Mama mkwe akamsogelea Mama Futi, akashusha sauti asimuudhi mtoto.

"Nisamehe, mwanangu," akanong'ona.